Simone Biles na dira iliyopotea hewani

Tarehe 27 Julai 2021, Olimpiki ya Tokyo, fainali ya jimnastiki ya timu za wanawake. Simone Biles wa Marekani anainua mkono kuwasalimu waamuzi, kisha anaanza kukimbia. Ukumbi hauna watazamaji kwa sababu ya korona. Anafika mbele ya ubao wa springi, anaweka mikono chini, anageuka na kuukanyaga ubao kwa miguu yote miwili huku akiwa kinyumenyume, anaisukuma meza ya kurukia kwa viganja na kupaa.

Mruko aliopanga unaitwa Amanar, kwa jina la Simona Amânar wa Romania: samasoti moja ya mwili ulionyooka, na ndani yake misokoto miwili na nusu. Ni mruko alioufanya miaka na miaka. Siku hiyo alisokota mara moja na nusu tu, mwili ukafunguka kabla ya wakati, akatua amechuchumaa, makalio karibu yaguse godoro, kisha akapiga hatua kubwa ili asianguke. Waamuzi walimpa 13.766. Dakika chache baadaye alitoka ukumbini na mhudumu wa afya wa timu. Aliporudi alikuwa amevaa suti ya mazoezi, akawaambia wenzake kwamba kwake yeye mashindano ya siku hiyo yameisha.

Kwetu tunaofuatilia michezo kwa Kiswahili, habari ilikuja kwa ufupi: Biles ajitoa kwa sababu ya afya ya akili. Haikuwa habari ya uongo, ila ilipofika masikioni mwetu ilikuta maneno yetu yana mzigo wao. Ukisema mtu ana tatizo la akili, msikilizaji wa Tanzania anafikiria hospitali ya Mirembe, wa Kenya anafikiria ya Mathari. Asiyefikiria wazimu anafikiria woga: binti kazidiwa na presha, kakimbia. Niliyasikia yote mawili, tena kwa watu wazuri tu ambao hawakuwa wameelezwa. Mimi naamini kilichompata Biles kinaeleweka vizuri zaidi kama jeraha. Ni jeraha lisiloonekana kwenye picha ya eksirei, lakini lina mahali pake mwilini, lina chanzo, lina hatari inayojulikana, na lina namna yake ya kupona.

Gurudumu na pia

Jioni, maji yakiwa yamejaa, vijana wa Forodhani kule Unguja hukimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani. Wengi hupiga samasoti: mwili unapinduka kichwa kikitangulia na miguu ikifuata, kama gurudumu. Walio hodari huongeza jambo la pili. Wakiwa bado wanapinduka, mwili unajizungusha pia kwa urefu wake, kuanzia utosini hadi nyayoni, kama pia wanayochezea watoto. Hilo la pili ndilo ninaloliita msokoto. Jimnastiki ya wanawake ya ngazi ya juu ni kufanya gurudumu na pia kwa pamoja, mara mbili au zaidi, katika muda wa takriban sekunde moja.

Kijana wa Forodhani akikosea, maji yanampokea. Tumbo litamuwasha, wenzake watacheka, atapanda tena ukutani. Mwanajimnastiki anaanzia kwenye meza yenye kimo cha sentimita 125, anapaa juu zaidi ya hapo, na chini yake kuna godoro gumu juu ya sakafu. Anatakiwa atue kwa miguu miwili pasipo kutikisika. Akitua kwa goti lililojipinda, kano za goti hukatika. Akitua kwa shingo, yanayofuata tutayasema mbele.

Sasa, mwili ukishaachana na meza hakuna tena cha kushika. Kasi ya mzunguko aliyoondoka nayo ndiyo aliyo nayo. Anachoweza kubadilisha ni umbo. Akibana mikono kifuani anazunguka haraka, akiifungua anapunguza kasi. Kwa hiyo kazi nzima ni kujua uko wapi ili ujue lini ubane na lini ufungue. Na hapo ndipo penye fumbo: anajuaje?

Fumba macho sasa hivi uguse ncha ya pua yako kwa kidole. Umeigusa, ingawa hukuona kidole wala pua. Ndani ya misuli na viungo vyako kuna vihisio vinavyoueleza ubongo kila kiungo kimekaaje. Ndani ya sikio, mahali pasipohusika kabisa na kusikia, kuna mifereji mitatu midogo yenye majimaji, na majimaji hayo yakisogea ubongo unajua kichwa kimegeukia wapi. Macho nayo yanaleta habari zake: taa za darini, ukingo wa godoro. Ubongo unazikusanya habari hizi tatu na kutengeneza dira moja, na mwanajimnastiki aliyekomaa anaisoma dira hiyo bila kujua kwamba anaisoma.

Bila kujua: hilo ndilo jambo kubwa. Mtu akiona kitu na kuamua kukijibu, jibu lenyewe huchukua karibu robo ya sekunde. Ndani ya mruko wa sekunde moja huna nafasi ya kukaa kikao na nafsi yako. Ndiyo maana mruko hurudiwa mara maelfu, kwanza kwenye trampolini, kisha ndani ya shimo lililojazwa sponji, kisha juu ya magodoro laini, hadi mwili uwe unaufanya wenyewe. Mfikirie mama anayetoka kisimani na ndoo ya maji kichwani, haishiki, anaongea na mwenzake, anageuka kumwita mtoto. Mwambie ghafla: angalia shingo yako, pima kila hatua, watu wote wanakutazama, ukimwaga tone moja kijiji kizima kitalala na kiu. Maji yatamwagika. Shingo haijadhoofika, kazi iliyokuwa ya mwili imeingiliwa na fikra, na fikra ni nzito mno kwa kazi hiyo.

Wanajimnastiki wa Marekani wana jina la hali inayotokea dira hii inapozimika katikati ya mruko. Huiita twisties, jina linalotokana na msokoto wenyewe. Wanaoruka trampolini wanaijua, na wanaopiga mbizi kutoka kwenye majukwaa wanaijua. Mtu anaondoka chini akiwa na mpango, na juu kule anakuta hajui amesokota mara ngapi, hajui ardhi iko upande gani. Biles alieleza mwenyewe baada ya fainali ile kwamba alikuwa hawezi kutofautisha juu na chini, kwamba hali ilimwanza asubuhi baada ya mchujo, na kwamba ilipompata zamani ilichukua wiki mbili au zaidi kuondoka. Alitoa pia video za mazoezi zinazomwonyesha akiachia vyuma vya kuning'inia, akisokota nusu, kisha akidondoka kwa mgongo kwenye godoro laini. Ukiitazama unaona mtu aliyepotea ndani ya chumba anachokijua kuliko nyumba yake.

Kwa hiyo woga ni neno lisilofaa hapa. Mwenye woga anajua aendako, ila hataki kufika. Biles alikuwa tayari kwenda, akakuta njia haionekani.

Kuna jambo la kihesabu ambalo watu wengi hawakuambiwa. Katika fainali ya timu, kila nchi huweka wachezaji watatu kwenye kila kifaa, na alama zote tatu huhesabiwa; hakuna alama mbaya inayotupwa. Anguko moja hukata alama nzima. Biles alikuwa amebakiza vifaa vitatu, vyuma, boriti na sakafu, vyote vikiwa na misokoto ndani yake. Kuendelea kungeweza kuivunja timu pamoja na shingo yake. Jordan Chiles aliingia badala yake kwenye vyuma na boriti, Sunisa Lee akaingia sakafuni, na timu ikapata fedha nyuma ya Warusi. Waliosema amewaangusha wenzake hawakuhesabu hivyo.

Waliotangulia

Miaka 33 kabla ya siku hiyo, katika jiji hilohilo la Tokyo, Mmarekani mwenye umri wa miaka 15 aitwaye Julissa Gomez alikuwa akijipasha kwa mruko wa ukoo uleule, ule wa kuingia mezani kinyumenyume, unaobeba jina la Natalia Yurchenko. Ilikuwa mwaka 1988. Mguu wake uliteleza kwenye ubao wa springi, akagonga kifaa kwa kichwa, shingo ikavunjika. Alipooza, na mwaka 1991 akafariki. Leo kuna mkeka wa usalama unaouzunguka ubao wa springi katika miruko ya aina hiyo. Kila unapouona, ujue kuna mtoto aliyeulipia.

Elena Mukhina wa Umoja wa Kisovyeti alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1978, mbele ya Nadia Comăneci wa Romania. Mwaka uliofuata alivunjika mguu, na kwa kuwa Michezo ya Olimpiki ya Moscow ilikuwa inakaribia, alirudishwa mazoezini mguu haujapona. Julai 1980, wiki mbili hivi kabla ya michezo kuanza, alikuwa Minsk akirudia mruko wa sakafuni uitwao Thomas, samasoti yenye misokoto ambayo haimalizikii kwa miguu bali kwa kubingirika. Hakupata kimo cha kutosha. Alitua kwa kidevu, akavunjika shingo, akaishi amepooza kuanzia shingoni hadi alipofariki mwaka 2006, akiwa na miaka 46. Mruko ule baadaye ulipigwa marufuku kwa wanawake.

Nimeziweka habari hizi mbili karibu kwa makusudi. Anayesema Biles angejikaza kidogo tu na amalize, anasema hivyo kwa sababu hajui kwamba katika mchezo huu kujikaza kuna makaburi.

Na yupo Kerri Strug. Atlanta, 1996. Alianguka katika mruko wa kwanza, kifundo cha mguu kikaumia vibaya, akaambiwa aruke tena. Akaruka, akatua, akasimama kwa mguu mmoja kuwasalimu waamuzi, akapiga magoti kwa maumivu. Kocha wake Béla Károlyi alimbeba mikononi kwenda kupokea dhahabu, na picha ile ikazunguka dunia nzima kama picha ya ushujaa. Hesabu za baadaye zilionyesha Marekani ingeshinda hata kama asingeruka mara ya pili. Yeye hakuweza kushiriki fainali zake binafsi. Alikuwa na miaka 18. Kizazi kizima cha mabinti kilikuzwa chini ya picha hiyo, na somo walilolipata ni kwamba maumivu ni kitu cha kutabasamia.

Mwili unachobeba

Tusidhani majeraha ya jimnastiki ni ajali kubwa pekee. Mengi huja polepole. Kila kutua kunarudisha mwilini nguvu inayoweza kufika mara kumi ya uzito wa mtu, na kutua huko hutokea mara nyingi kwa siku, kwa miaka kumi au kumi na tano. Viganja vya mikono havikuumbwa kuwa nyayo, lakini hapa hubeba mwili mzima. Kwa mtoto ambaye mifupa bado inakua, sehemu laini za mwisho wa mfupa wa mkono, pale kwenye kifundo, huchubuka na kuuma hata anapofungua mlango. Mgongo wa chini unaokunjwa nyuma kila siku hupata nyufa ndogondogo kwenye pingili. Kano ya kisigino hukatika kwa mlio ambao wenzake uwanjani wanausikia. Rebeca Andrade wa Brazil, ambaye leo ni mmoja wa wanajimnastiki bora kuliko wote duniani, amefanyiwa upasuaji mara tatu kwa ajili ya kano ya goti lilelile la kulia.

Kuna na jeraha la sahani. Mabinti hawa walihesabiwa gramu za mwili kwa miongo mingi, wengine wakila kidogo mno kwa kazi wanayoifanya. Mwili ukikosa nishati hufunga kwanza milango unayoiona si ya lazima: hedhi husimama, homoni zinazolinda mifupa hushuka, na mifupa ya msichana wa miaka 17 inaanza kudhoofika kama ya bibi yake. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipa tatizo hili jina la kitabibu mwaka 2014. Wachezaji walikuwa wanalijua siku nyingi kabla ya hapo.

Mfumo wa alama nao unasukuma. Nadia Comăneci alipopata 10 pale Montreal mwaka 1976, akiwa na miaka 14, ubao uliandika 1.00 kwa kuwa haukutengenezwa kuonyesha 10.00. Siku zile 10 ilikuwa dari. Tangu mwaka 2006 dari hiyo imeondolewa: unapewa alama ya ugumu isiyo na kikomo, ukijumlishiwa na alama ya utekelezaji. Ukiongeza msokoto unaongeza alama. Biles ndiye mwenye nyumba mpya waliyojenga waandishi wa kanuni hizo, kwani ana mitindo mitano inayobeba jina lake, miwili mezani, miwili sakafuni na mmoja wa kushuka kwenye boriti. Mwaka 2019 alipouleta huo wa boriti, samasoti mbili zenye misokoto miwili, Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki lilitoa thamani ndogo kuliko alivyotarajia na kueleza kwamba lilizingatia pia usalama wa wachezaji wengine watakaotaka kuuiga. Yeye hakufurahi, na kwa haki ya mchezaji namwelewa. Lakini ilikuwa mara adimu ya wenye mchezo kukiri hadharani kwamba hatari ina bei.

Mzigo usiopimwa kwenye mizani

Kwa nini dira izimike Tokyo, na si Rio mwaka 2016 alikochukua dhahabu nne? Hakuna anayeweza kunyoosha kidole kwenye jambo moja, na mimi sitajaribu. Lakini tunaweza kuhesabu alichokuwa amebeba.

Alizaliwa Columbus, Ohio, mwaka 1997. Mama yake alikuwa na uraibu, watoto wakachukuliwa na mamlaka za ustawi wa jamii, hadi babu yake Ron na mkewe Nellie walipowachukua Simone na mdogo wake Adria na kuwaasili rasmi mwaka 2003. Wao ndio anaowaita baba na mama. Kufikia mwaka 2019 alikuwa na medali 25 za mashindano ya dunia. Nyingine kati ya hizo alizipata Doha mwaka 2018 akiwa na jiwe kwenye figo: alikwenda hospitali, akarudi, akawa bingwa wa dunia. Alisifiwa kwa hilo. Hata mimi nilimsifu.

Januari 2018 alisema hadharani kwamba yeye pia ni mmoja wa waliodhalilishwa kingono na Larry Nassar, daktari wa timu ya taifa. Hapa nakuomba msomaji usipite haraka. Nassar alikuwa mtu wa majeraha. Ukiumia nyonga au mgongo unapelekwa kwake, na kule kwenye kambi ya taifa huko Texas wazazi hawakuwepo. Alichokifanya alikiita matibabu. Zaidi ya wanawake 150 walisimama mahakamani Michigan kueleza, na akahukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175. Sasa jiweke mahali pa msichana ambaye maumivu ya mwili wake ndiyo yaliyomfungulia mlango mtu yule. Mchezo unamfundisha asiusikilize mwili wake anapoumwa. Akiusikiliza, anapelekwa kwa mtu wa namna hiyo. Dira inayoishi mwilini haiwezi kubaki salama hapo.

Wiki mbili kabla ya fainali ya Tokyo, mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria ya Marekani alitoa ripoti iliyoonyesha jinsi shirika la upelelezi la FBI lilivyozembea malalamiko dhidi ya Nassar tangu mwaka 2015. Biles alikwenda Japani akiwa mwathirika pekee aliyejitokeza hadharani aliyekuwa bado anashindana, na alikuwa amesema moja ya sababu za kubaki mchezoni ni ili jambo hilo lisifukiwe. Michezo ilikuwa imesogezwa mwaka mzima. Familia haikuruhusiwa kusafiri. Uso wake ulikuwa kwenye kila tangazo la michezo ile. Baada ya mchujo, ambao ulikuwa na makosa asiyoyazoea, aliandika kwamba nyakati nyingine anahisi amebeba dunia nzima mabegani. Wazee walisema ngoma ikilia sana hupasuka, na hii ilikuwa imelia tangu msichana yule ana miaka 16.

Ndipo tunarudi kwenye neno letu, akili. Kiswahili chetu kinatenganisha akili, roho, moyo na mwili kwa uzuri mkubwa, na katika mashairi utajiri huo unapendeza. Kwenye jimnastiki mgawanyo huo unatupotosha. Sehemu ya ubongo inayojua uko wapi hewani ni kifaa cha kazi, kama kifundo cha mguu. Usingizi mbovu, msiba, aibu, kumbukumbu inayorudi usiku, vyote vinaufikia ubongo uleule unaopima samasoti. Angetoka ukumbini akichechemea kwa kifundo kilichovimba, tungemwombea. Alitoka akiwa amevimba mahali tusipopaona.

Alivyorudi

Alijitoa fainali ya mchezaji bora wa jumla, Sunisa Lee akaichukua dhahabu. Akajitoa meza, vyuma na sakafu. Kimyakimya alipelekwa kwenye ukumbi wa Chuo Kikuu cha Juntendo wenye mashimo na magodoro laini, ajaribu kuirudisha misokoto. Haikurudi. Katikati ya siku hizo shangazi yake alifariki ghafla nyumbani Marekani.

Tarehe 3 Agosti alipanda kwenye boriti, ubao wenye upana wa sentimita 10. Kwenye kushuka aliondoa misokoto yote. Akaweka samasoti mbili za miguu iliyonyooka, gurudumu tupu bila pia, akatua, akashika kifua. Shaba. Amesema mara kadhaa kwamba medali ile ina uzito wa pekee kwake, na ukishaelewa alichokiondoa kwenye mchezo ule ili aweze kusimama, unaelewa kwa nini. Alipunguza ugumu kwa hesabu, kama fundi anayeshusha mzigo kwenye gari lenye springi iliyovunjika ili lifike salama.

Miezi miwili haikupita kabla hajakaa mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani, pamoja na wanajimnastiki wenzake McKayla Maroney, Maggie Nichols na Aly Raisman, akieleza jinsi vyombo vilivyotakiwa kuwalinda vilivyowageuzia mgongo. Kisha akapumzika. Alikuwa na mtaalamu wa saikolojia aliyemwona kwa ratiba, kama mtu anavyokwenda kwa mtaalamu wa viungo kunyoosha goti. Misokoto nayo ilijengwa upya kwa njia ileile ya mtoto anayeanza: trampolini, shimo la sponji, godoro laini, godoro gumu. Hakuna njia ya mkato. Agosti 2023, baada ya miaka miwili, alirudi mashindanoni katika kitongoji cha Chicago, akashinda.

Antwerp, Oktoba mwaka huohuo, aliruka mezani samasoti mbili za miguu iliyonyooka, mruko ambao hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kuufanya kwenye mashindano ya kimataifa kabla yake. Kocha wake, Laurent Landi, alisimama kwenye godoro, tayari kumdaka. Kanuni hairuhusu, kila anaposimama pale Biles anakatwa nusu alama. Walikubali kukatwa. Mimi nusu alama ile naiona kuwa moja ya mambo makubwa yaliyotokea katika mchezo huu, kwa sababu mtu mzima aliamua mbele ya dunia kwamba shingo ya mchezaji wake inazidi alama, na mchezaji akakubali kulindwa. Fikiria kama Mukhina angekuwa na mtu wa namna hiyo Minsk.

Halafu Paris, 2024. Ana miaka 27, umri ambao zamani ungemfanya kocha. Siku ya mchujo shavu la mguu wa kushoto lilimuuma, akafungwa bandeji mbele ya kamera, dunia nzima ikawa inazungumzia mguu. Tarehe 30 Julai ikaja fainali ya timu, na ratiba ikawapangia Wamarekani waanze na meza, kama Tokyo. Asubuhi ya siku hiyo, kabla ya jambo lolote, alizungumza na mtaalamu wake wa saikolojia. Bandeji ya mguu tuliiona sote. Hii nyingine aliisimulia mwenyewe baadaye.

Ukumbi wa Bercy ulikuwa umejaa. Aliinua mkono, akakimbia. Alichagua Cheng: nusu mzunguko wakati wa kuingia mezani, kisha samasoti ya mbele iliyonyooka yenye msokoto mmoja na nusu. Misokoto, yaani. Alitua, akapata 14.900, na alipoulizwa baadaye alisema alishusha pumzi, kwa kuwa alikuwa anasubiri kuona kama kumbukumbu ya Tokyo itamrudia akiwa kule juu, nayo haikurudi.